Pakia Tena

Lebo ilitoka kwenye printa ikiwa bado ya moto, nikaisoma nimesimama: "Kidonge kimoja, saa nane usiku, baada ya chakula." Nikaikunja, nikaitupa kwenye ndoo ya takataka, kisha nikaiokota tena kwa sababu hasira ilikuwa haijaisha na nilitaka kitu cha kukasirikia.

Nani anakula saa nane usiku? Shangazi yangu, aliyenilea tangu sijui kufunga kamba za viatu, aliwahi kuamka saa hiyo hiyo kwa sababu pakiti ya dawa yake ya sukari ilimwambia aamke. Wenye dawa waliandika 8:00 usiku kwa hesabu yao, lebo ya hospitali ikainakili kama ilivyo, na nane yao ni mbili yetu. Shangazi aliona nane, akasoma nane. Akatega kengele, akaamka, akameza kidonge tumbo likiwa tupu, na asubuhi jirani akamkuta kwenye sakafu ya jikoni, hajitambui. Alipona, ila tangu siku hiyo amegoma kabisa kumeza dawa ya usiku. "Andikeni saa inayoeleweka," aliniambia, "ndiyo nitameza." Sukari yake inazidi kupanda, na mimi ndiye niliyeajiriwa kuandika lebo.

Ofisi yetu hutengeneza programu ya lebo za dawa kwa ajili ya hospitali. Zana inayokusanya vipande tunavyoandika na kuvijenga viwe programu moja tumeibatiza Mwashi. Hospitali nayo ina Mwashi wake, tukiwatumia vipande wanajenga upya kwenye mashine yao. Mwashi ana kazi nyingi alizozaliwa nazo: kuunganisha maneno, kutafuta mafaili, kupanga orodha. Saa zetu hazijui. Ukitaka afanye jambo asilolijua, unamwandikia fankisheni, yaani maelekezo mafupi yenye jina, unayaweka kwenye faili, halafu unamwagiza kwa mstari mmoja: pakia faili hili. Usipompa agizo hilo, fankisheni yako inakaa humo kwenye faili na hakuna anayeiita.

Yangu niliiita saa_yetu. Ilikuwa fupi hadi aibu: saa ikizidi sita, toa sita, isipozidi, ongeza sita. Nane inakuwa mbili. Na mstari wa kupakia nilikuwa nimeuandika. Niliuona kwa macho yangu mawili, juu kabisa ya faili kuu.

Mkuu wetu tunamwita Leo, maana kazi zote kwake ni za leo. Alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Hospitali wanasubiri," alisema. "Kama haifanyi kazi tuwapelekee zile za zamani. Yako itaingia toleo lijalo."

"Za zamani ndizo zilizomwangusha shangazi yangu, bosi."

"Na pole nilishakupa. Nataka lebo ziondoke kabla ya kufunga ofisi."

Kwenye meza ya jirani alikuwepo Makofi, aliyepata jina hilo kwa kuzipiga kompyuta zikigoma. Alisogeza kiti chake mpaka kwangu bila kuinuka.

"Dada, hiyo haijapakiwa."

"Nimeipakia."

"Nane imeingia, nane imetoka. Ingekuwa imepakiwa ingegusa kitu. Wewe pakia tena."

Akavuta kibodi yangu bila ruhusa, akanakili mstari wangu wa kupakia, akaubandika chini ya ule wa kwanza. Mwashi akajenga. Printa ikakohoa, ikatoa lebo: saa mbili usiku.

"Si nilikwambia?" Makofi aliinua mikono juu kama amefunga bao. Leo alisikia kelele, akaja, akaisoma ile lebo, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akaonyesha meno. "Safi kabisa. Tuma."

Nilikuwa na kidole juu ya kitufe. Sitadanganya, nilitamani kukibonyeza, nichukue mkoba wangu, nipitie kwa shangazi na lebo mkononi. Lakini nikakiondoa kidole.

"Kwa nini imekubali?" niliuliza.

"Imekubali," Makofi alisema. "Ulitaka ikuombe radhi kwanza?"

"Mstari ni ule ule. Ukiandikwa mara moja inagoma, ukiandikwa tena inakubali. Kwa nini?"

"Dada yangu," Leo alisema kwa upole wa mtu anayejizuia, "inafanya kazi. Tuma."

"Situmi kitu nisichokielewa kwa mtu anayekwenda kukimeza, bosi. Utanisamehe."

Alinitazama, akatazama saa yake. "Una muda mpaka nitoke kwenye kikao." Akafunga mlango kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Nikaongeza mstari mwingine wa kupakia, makusudi. Lebo ikatoka: saa nane usiku. Nikaongeza mwingine tena: saa mbili. Mwingine: nane. Mwingine: mbili. Ilikuwa kama mtoto anayechezea swichi ya taa. Makofi aliacha kucheka.

Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Nane, toa sita, mbili. Mbili haizidi sita, basi ongeza sita. Nane.

"Mungu wangu," nikasema. "Ilikuwa inafanya kazi muda wote. Ilikuwa inaifanya mara mbili!"

Kila tukipakia lile faili, saa_yetu ilikuwa inajipanga upya kwenye foleni ya Mwashi, na kila saa inayoandikwa kwenye lebo ilipita kwa wote waliomo kwenye foleni. Ikipita kwa mmoja, inageuzwa. Ikipita kwa wawili, inageuzwa na kurudishwa ilikotoka, ukiitazama unaapa haijaguswa. Lakini mimi mwanzo nilikuwa na mstari mmoja tu. Nikageuza kiti taratibu.

"Makofi. Nani mwingine amepakia faili langu?"

Akajikuna shingo. "Mimi. Asubuhi, kwenye faili letu la pamoja, ambalo Mwashi hulisoma pia. Nilikuona unahangaika kuiandika, nikasema nikusaidie."

"Ukaniambia?"

"Nilitaka ukute mambo yamenyooka. Kisha nikaona nane inatoka, nikajua na mstari wangu haukushika."

Nilitaka kumkaba, na papo hapo nilitaka kumkumbatia, kwa hiyo sikufanya lolote.

"Basi tufute yote ubaki mmoja," alisema, sauti imepungua. "Yaishe."

"Hayaishi. Kesho mtu mwingine ataona hitilafu, ataipakia tena kwa nia njema kama wewe. Hii dunia imejaa watu wema, Makofi. Lazima iwavumilie."

Nikaketi kuiandika upya. Kabla ya kuingia kwenye foleni, saa_yetu iangalie kwanza kama tayari imo. Ikiwa imo, inyamaze. Jaribio la kwanza ilinyamaza moja kwa moja, haikuingia kabisa. La pili ilijiona wakati haimo. Shingo iliniuma, chai ilipoa, na kila nilipotaka kuacha nilimwona shangazi anaiweka pakiti mbali naye juu ya meza. Nikafuta, nikaandika tena. Leo alitoka kikaoni akanikuta hapo hapo.

"Bado? Si ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inabahatisha, bosi."

Alivuta kiti akakaa nyuma yangu na funguo za gari mkononi, akizichezesha ili nisisahau kuwa yupo. Nikapakia mara moja: mbili. Nikapakia mara mbili: mbili. Nikamwambia Makofi abandike mistari mpaka achoke, naye alibandika kwa moyo wote. Mbili, mbili, mbili. Nikaifuta yote, nikabakiza mmoja, nikatuma.

Leo alikuwa ameshasimama kuondoka simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali, kijana mchangamfu, tuliyezoea kuongea naye.

"Dada, mzigo umefika, na tumeshajenga huku. Ila nimeona lile faili lenu la saa halimo kwenye orodha yetu ya kupakia, nikaona niwasaidie. Nimeliongeza."

Nikahesabu. Programu ya Makofi, ile aliyotaka Leo niitume, ingekuwa imepata msaada mmoja zaidi, mstari wa nne, na hospitali nzima ingekuwa inachapa saa nane usiku.

"Nisomee lebo ya kidonge cha sukari," nilimwambia. "Cha usiku."

Nilisikia karatasi ikichanwa. "Kidonge kimoja, saa mbili usiku, baada ya chakula."

"Soma tena."

Akasoma tena. Machozi yalikuwa yamenifika kidevuni na Makofi alikuwa anatafuta kitambaa kwenye droo isiyo yake.

"Dada, unanisikia kweli?"

"Nakusikia vizuri," nilimjibu. "Hiyo uliyoshika iweke pembeni. Shangazi yangu anakuja kuichukua."