Mama Hakutaka Kulainishwa

Meneja wa studio alisikiliza rekodi nusu dakika tu, akakunja uso kama aliyetafuna mchanga.

"Hadithi za mama yako ni nzuri," alimwambia fundi sauti wake, "lakini sauti yake inakwaruza. Watoto watakimbia. Mlainishe, la sivyo nampa mtangazaji azisome."

Mama yake fundi alikuwa mwalimu mstaafu. Hadithi alizitunga mwenyewe, akajirekodi jikoni kwa simu. Na kusema kweli, rekodi ilikuwa inaumiza: kila "s" ilichoma sikio, na vigae vya ukutani vilirudisha kila neno kwa ukali.

Basi fundi akashusha masafa yote ya juu kwenye ikwalaiza, kile chombo cha kusawazisha sauti, akajaza besi, akamwagia mwangwi. Meneja akafurahi. Mama akaitwa asikilize. Alivaa hedifoni, akasikiliza, kisha akazivua taratibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mama. Nimekusafisha kidogo."

"Kwani nilikuwa mchafu?"

Fundi akasimamisha rekodi.

"Sauti hii imekwaruzika darasani," Mama alisema, "nikishindana na mvua juu ya bati na watoto watano kwa kila dawati. Jiko langu litoe, mwanangu. Hizo sindano za masikio zitoe. Mimi niache."

"Mwalimu, siku hizi watu wanapenda sauti laini," meneja aliingilia.

"Wanapenda, au mmewazoesha?"

Fundi akafuta kazi yake yote, akaanza upya mbele yao. Safari hii alipandisha kipande kimoja chembamba cha masafa, akakitembeza polepole hadi kikapiga yowe, akajua ukali wa jikoni uko hapo. Akakikata hicho tu. Akazituliza "s" zilizozidi, akaondoa mvumo wa jokofu. Mwangwi hakuongeza hata kidogo. Aliyebaki ni Mama, mwenye sauti kavu, karibu kama mtu aliyeketi ukingoni mwa kitanda chako. Pale msichana wa hadithi anapokataa kumpisha mfalme njia, sauti ilipasuka.

"Hapo angalau paweke sawa," meneja alisema.

"Hapo ndipo sigusi," fundi alijibu.

"Basi haitoki kwa jina la studio yangu."

"Itatoka kwa jina langu," Mama alisema, tayari ameshika mkoba.

Fundi akachomoa hedifoni, maana zilikuwa zake, akamfuata. Kazi ndiyo hiyo imekwenda. Hakugeuka.

Walitundika mablanketi chumbani kwa Mama kuzuia mwangwi, wakarekodi upya hadithi zote, wakazipeleka katika shule alizowahi kufundisha. Watoto hawakukimbia. Mwalimu mkuu mmoja alipiga simu kulalamika kwamba darasa zima sasa linakwaruza sauti makusudi wakati wa kusoma.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Fundi, aliyekuwa akiishi kwa vibarua vya kurekodi harusi, alisogeza maikrofoni.

"Unywe maji kwanza?"

"Washa," Mama alisema.