Mteremko wa Bibi Immakulata

Kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kabla muuza mafuta wa sheli ya Kasulu hajamaliza kunawa uso, Gharibu dereva huwa amekwisha kuchovya kijiti chake cha mwanzi kwenye tangi la basi. Kijiti kina alama za kisu, kila alama lita tano. Jumatatu hiyo kilitoka kimelowa alama nne. Akakipangusa kwa suruali, akakirudisha nyuma ya kiti, akaguna. Baba yake alihama Pangani na kuacha huko kila kitu isipokuwa huo mguno.

Basi lenyewe lilikuwa la shule. Shule ilipokufa, shirika moja lililinunua, likang'oa viti, likaweka kitanda cha kupimia wajawazito, friji ya chanjo na pazia, kisha likalipaka rangi nyeupe juu ya ile ya njano. Rangi ilikuwa ya bei ya chini na mvua za huku hazibembelezi mtu. Sasa ubavuni yalisomeka maneno KLINIKI TEMBEZI, na chini yake, kwa herufi za njano zilizokataa kufa, WANAFUNZI KWANZA.

Lilikuwa basi la ulevi. Lita moja ya dizeli kwa kilomita tatu, na kwenye milima hata hizo tatu ni za kuombwa. Gharibu alifanya kila analofanya dereva mwenye haya. Aling'oa keria ya juu kwa sababu ilibishana na upepo. Alijaza matairi sawasawa, akasafisha chujio la hewa kila Ijumaa, akapeleka nozeli za kupulizia dizeli kwa fundi zikapimwa, akaacha kubeba maji kutoka mjini, akajifunza kukanyaga mafuta kama anayekanyaga yai. Haba na haba hujaza kibaba: mwaka ulipokwisha, lita moja ilikuwa inafika kilomita nne na kidogo. Alipeleka habari hizo ofisini akitabasamu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa ukutani.

Ilikuwa ratiba ya vituo. Jumanne Kitanga, Jumatano Manyovu, Alhamisi Gwarama kwa kupitia Kibondo. Mstari wa mwisho uliandikwa: Murusenga, kusubiri mafuta. Ulikuwa umeandikwa hivyo tangu basi lifike.

Murusenga ni kitongoji kilicho juu ya mlima, saa tatu kwa miguu kutoka Kitanga. Mjamzito akizidiwa, wanaume wanane hupokezana kumshusha kwa machela ya miti, wenyewe huiita ingobyi. Wengine hufika. Wengine huishia kijitoni, katikati ya njia, pale wabebaji wanapolazimika kusimama maji yapungue.

Mratibu wa kliniki, Bwana Havyarimana, alizisoma hesabu za Gharibu mara mbili. Alikuwa mtu mpole, hajawahi kumfokea mtu.

"Hongera sana," alisema. "Lakini Murusenga ni mlima, Gharibu, na mlima unakula mafuta. Tusubiri."

Kesho yake, Jumanne, kliniki ilipokuwa inafungwa Kitanga, alifika bibi mmoja mwembamba, kanga mabegani, fimbo mkononi. Alimsalimia muuguzi Winnie, akajitaja: Immakulata Ntirampeba, wa Murusenga.

"Nauliza basi litapanda lini kwetu," alisema. "Mjukuu wangu Nadine ana mimba ya miezi saba. Mama yake, Rosa, alikufa kwenye ingobyi, pale kijitoni. Mimi nilikuwa nashika mguu wa mbele wa machela."

Winnie alitazama chini. "Bibi, ofisi wanasema mafuta."

"Ego, haya. Basi nipelekeni nikaonane na hiyo ofisi."

Wakampa kiti cha mbele. Walipotoka Kitanga, mlima wa kwanza ulikuwa mahali pake, na mikaratusi yake, na kibanda cha muuza vocha kileleni. Gharibu akapunguza gia kama siku zote. Basi lilipoufikia, mlima ukalala. Ulilala taratibu, kama ng'ombe anayekunja magoti, na barabara ikashuka kuelekea kibandani. Gharibu akatoa mguu kwenye mafuta. Akaweka nyutro. Basi likaongeza mwendo. Nyuma, gunia la viazi la Winnie liliteleza kuja mbele, na alipotazama dirisha la nyuma aliuona mlima ukiinuka tena baada yao na kujinyoosha.

Walikwenda hivyo mpaka Kasulu. Injini ilinong'ona tu, ikiwa imeachwa iwake kwa ajili ya breki, na kwa mara ya kwanza katika basi lile walisikia ndege wa porini, na watu waliokuwa wakiitana kutoka shamba hadi shamba. Winnie alijikuta analia na hakutaka kujifuta. Gharibu alichovya kijiti. Alama zilikuwa zilezile za Kitanga.

"Bibi, shikamoo tena," alisema. "Hii ni yako?"

"Marahaba. Ni yangu. Mimi kupanda nilimaliza." Akaeleza bila haraka. Mwaka wa sabini na mbili, akiwa na miaka kumi na miwili, alivuka milima kutoka Burundi mpaka Manyovu na mdogo wake mgongoni. Halafu maji, kuni, mihogo, watoto sita, kanisa lililojengwa juu na kisima kilichochimbwa chini. Kila mtu anapewa milima yake, na yake ilikwisha mwaka jana, siku ya Jumamosi, akitoka kisimani. Tangu hapo kila njia kwake ni mteremko, kwenda na kurudi. "Magoti tu ndiyo yanauma," alisema. "Kushuka nako ni kazi."

Bwana Havyarimana alimkaribisha kiti na soda. Alisikiliza yote, akasema hana neno na Murusenga, ana neno na mafuta. Kama Bibi angekubali kusafiri na basi mpaka mafuta ya akiba yapatikane, Murusenga ingeingia kwenye ratiba. Bibi akakubali. Nadine alikuwa na miezi miwili mbele yake, na hesabu ilionekana inatosha.

Kwa wiki saba basi lilishuka kwenda kila mahali. Lilishuka kwenda Manyovu, likashuka kurudi. Lilishuka Kibondo, likashuka Gwarama, wajawazito wakapimwa na watoto wakachomwa sindano wakalia. Vijana wa baiskeli, wale wanaobeba ndizi na mkaa na kuisukuma milima yote kwa vifua vyao, waliijua ratiba upesi kuliko wauguzi. Walingoja kandokando ya barabara, basi likipita wakapanda juu ya baiskeli zao na kulifuata, thelathini, arobaini, miguu imeinuliwa, mikungu ikitikisika, milima ikilala mbele yao mmoja baada ya mwingine. Hawakupiga kelele. Walikuwa na nyuso za watu walio kanisani. Gharibu alibadilisha breki mara mbili na dizeli ya mgao, isiyotumika, ikajaza tangi, kisha madumu saba stoo.

Wiki ya nane Bibi alikwenda ofisini.

"Mafuta yapo," alisema.

"Yalikuwapo," alisema Bwana Havyarimana kwa upole. Makao makuu wameona basi halitumii mafuta, kwa hiyo wamelifuta fungu la mafuta. Ya kwenye tangi na kwenye madumu yamehamishiwa gari la ofisi, ambalo halina bibi.

"Basi twende bila mafuta."

"Kituo kipya lazima kiandikiwe lita zake, Bibi. Fomu haikubali sifuri."

"Andika kumi na nane."

"Kumi na nane hatuna. Subira yavuta heri."

Alipotoka, Gharibu alimsomea orodha ya vifaa vya gari iliyobandikwa mlangoni. Jeki moja. Tairi la akiba moja. Bibi mmoja. Alidhani atakasirika, lakini Bibi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Angalau mimi nimeandikwa," alisema alipomaliza kucheka. "Rosa hakuandikwa popote."

Jumatano iliyofuata walikuwa Manyovu. Saa tano asubuhi simu ya Winnie ililia. Ni Ndayikunda, jirani wa Bibi, kutoka Murusenga: uchungu wa Nadine umeanza tangu alfajiri, chupa imepasuka, wanaume wako tayari na ingobyi ila kijito kimejaa. Gharibu hakuipigia ofisi. Alichovya kijiti: lita tano, za kunong'onea. Akafunga milango.

Njia ya Murusenga ilikuwa haijawahi kuona gari. Mlima wake ni mrefu kuliko yote ya upande ule, na ulipomwona Bibi kwenye kioo ulilala kuliko yote. Waliteremka wakivuka migomba na mashamba ya maharage, wakakipasua kijito kwa mwendo wa mteremko, maji yakaruka madirishani, wakaendelea kuteremka mpaka kileleni. Watu wa Murusenga walikuwa wamesimama nje ya nyumba zao. Walilitazama basi likifika kutoka juu, ingawa juu yao hapakuwa na kitu, wakavua kofia.

Nadine alijifungua kwenye kitanda cha basi saa nane mchana.

"Wa kike," alisema Winnie. Halafu akasema kwa sauti nyingine kwamba damu haikatiki, lazima afike hospitali ya Kasulu, na upesi.

Gharibu akawasha. Mbele yake njia ilikuwa inashuka, kama mlima wowote unavyoshuka mtu akiwa kileleni, na Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Basi lilisogea mita kumi, njia ikainuka. Iliinuka mbele ya kioo mpaka mbingu ikabaki kijipande. Gunia la viazi likateleza kwenda nyuma. Gharibu akaweka gia ya kwanza, injini ikalia kama enzi zile za ulevi wake.

Bibi aligeuka akamtazama mtoto, ambaye alikuwa amefumba macho na kukunja ngumi.

"Huyu ndiyo kwanza anaanza," alisema. "Milima yake yote iko mbele."

Lita tano zilikwisha kabla ya kijito. Wanaume wa ingobyi waliweka mabega nyuma ya basi na kuanza kulipandisha kwenda bondeni. Bibi naye alishuka akasukuma. Vijana wa baiskeli walitokea chini, kwanza wawili, kisha kumi, kisha wengi hata Gharibu hakuweza kuwahesabu. Wakalaza baiskeli zao kwenye nyasi na kushika popote palipobaki pa kushika. Hakuna aliyewaita. Maji ya kijito yalifika viunoni mwao, na Winnie, akiwa amekandamiza tumbo la Nadine kwa mikono miwili, alisema baadaye kwamba hajawahi kuona kitu kikubwa kama hicho na hatakiona tena. Walipofika Kitanga, mwenye mashine ya kusaga aliwapa dumu la dizeli yake. Walipanda kwa gia ya kwanza mpaka Kasulu, na Nadine akapona.

Jumatatu ratiba mpya ilibandikwa. Mstari wa mwisho ulisema: Murusenga, kusubiri mafuta. Gharibu alipewa barua mbili za onyo, moja kwa kwenda nje ya ratiba, nyingine kwa kupoteza kifaa. Alizikunja, akachovya kijiti, akaguna.

Bibi hakurudi kwenye basi. Wanawake wa Murusenga humwona asubuhi akienda kisimani bondeni, mtoto wa Nadine mgongoni, mwili umeinama mbele, akipumua kwa nguvu na kuegemea fimbo. Siku moja walimwambia awaachie mtoto, ashuke kama zamani.

"Yangu nilimaliza," alisema Bibi. "Hii nampandia yeye, isije ikamkuta yote."

Akainama tena, akaendelea kupanda kwenda kisimani.