Maji Yasiyoivisha Kunde

Habakuki, meneja wa mradi wa visima, alishuka garini mbele ya chumba cha intaneti cha Hajira pale Korogwe, akafuta viatu vyake kwa nyuma ya suruali, kimoja kimoja, kisha akaingia na bahasha ya kaki mkononi.

"Shikamoo, Mzee Sadala."

Sadala aliiacha salamu isubiri kidogo. Miaka mitatu nyuma mtu huyu huyu alimwita "wewe bwana wa spana". Leo amekuwa mzee.

"Marahaba. Karibu kiti. Usiegemee, mguu mmoja mbovu."

Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya kazi. Msimamizi wa mafundi wa pampu, Handeni nzima. Mshahara wa mwezi, pikipiki, na kofia ngumu ya njano. Hajira, mtoto wa dada yake Sadala, aliisoma kwa sauti, na alipofika kwenye pikipiki sauti ikampanda. Pembeni, kwenye benchi, alikaa Lenku, mfugaji aliyetoka kwao Handeni alfajiri kuja kumtafuta fundi wa kushusha bomba kwenye kisima chake kipya. Alisikiliza huku kidevu amekiegemeza kwenye fimbo.

"Sharti ni moja, dogo tu," alisema Habakuki. "Ile habari ya kunde uiondoe kwenye blogu yako. Leo hii. Jumatatu wafadhili wanakuja kuona bomba jipya likishushwa Kwedimwezi, na siku hizi wana mtu wa kuwasomea Kiswahili."

Kazi Sadala alikuwa anaihitaji, tusidanganyane. Shule aliiachia darasa la nne, akaingia karakana ya shamba la mkonge, akakaa na mashine miaka ishirini na miwili mpaka akawa anaijua injini kwa mlio wake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Kisha wakubwa wakaja na maneno mapya. Ubinafsishaji. Soko huria. Shamba likauzwa, mwekezaji akaja akalitazama, akaondoka, karakana ikabaki na popo na kutu. Wafanyakazi waliambiwa wakajiajiri. Aliyewaambia alikuwa ameajiriwa.

Akahamia Kwedimwezi, huko Handeni, kwao mkewe Chausiku, kulima. Mwaka huo mradi ukachimba kisima, ukashusha pampu ya mkono yenye mabomba ya chuma, ngoma zikapigwa, utepe ukakatwa. Wiki ya pili Chausiku akaanza kulalamika jikoni.

"Maji haya yana ugomvi, baba. Kunde nimeziinjika tangu asubuhi, na nisipotia magadi zinagonga meno. Na sufuria itazame chini, inaliwa."

Sadala akacheka. Kicheko kile hajajisamehe mpaka leo.

Mwezi wa saba pampu ikakata maji. Akaifungua, akavuta mabomba, akakuta nyuzi za skrubu za kuungia bomba kwa bomba zimeliwa zote, chuma kinamomonyoka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Akafunga safari mpaka ofisi ya mradi na kipande mkononi: maji ya pale ni ya chumvi, chuma hakidumu, shusheni plastiki. Habakuki hakukigusa kile kipande.

"Una cheti?"

Hakuwa nacho.

"Basi, wewe bwana wa spana, waachie wenye vyeti."

Wenye vyeti hawakuja. Wanawake wakarudi kuchota lamboni, wakanywa pamoja na ng'ombe. Ugonjwa wa kuhara ukaingia kijijini, na Chausiku akafia kwenye machela, nusu ya njia ya kwenda zahanati. Cheti cha kifo Sadala alipewa bila kuomba.

Akaja Korogwe kwa mpwa wake na begi moja. Miezi akashinda kwenye benchi lile lile alilokaa Lenku leo, akiwalaani wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao, mpaka Hajira akachoka.

"Mjomba, hayo unayouambia ukuta, yaandike. Nitakufungulia blogu. Ni kama gulio tu. Unatandika turubai, unapanga ulicho nacho, mpita njia anaona. Asiponunua leo, anajua ulipo."

"Nani atasoma maandishi ya darasa la nne?"

"Mwenye pampu iliyokufa."

Basi akawa anaandika kwenye daftari, Hajira anachapa kama yalivyo. Namna ya kukata washa ya ngozi ya pampu isiyovuja. Namna ya kunusa moshi wa kinu cha kusaga na kujua kama injini inakula oili. Chini ya kila habari, namba ya simu. Mafundi wa stendi wakapata la kuchekea.

"Sadala, unagawa siri za kazi bure! Utakula herufi?"

"Nyie mmezificha miaka yote," akawajibu, "mbona na nyie mna njaa?"

Kumbe wasomaji wenyewe walikuwa Dar. Mtoto wa mtu wa Kerenge yuko ofisini huko, anasoma, anampigia mama yake simu: mama, kuna fundi hapo hapo Korogwe, mwite. Ndivyo alivyopata kinu cha Magoma. Ndivyo walivyomjua wakulima wa mpunga wa Makuyuni, waliokuwa wamekwisha kuikatia tamaa pampu yao. Lenku naye, binti yake Siamanta anasomea uuguzi Tanga, ndiye aliyemsomea habari ya kunde kwenye simu, mwanzo hadi mwisho, mpaka salio likakata.

Habari yenyewe ilikuwa fupi:

*Kabla hujashusha bomba kwenye kisima kipya, chota maji yake. Pika kunde kikombe kimoja. Usitie magadi, magadi yatakudanganya. Tumbukiza msumari mpya kwenye kopo la maji hayo hayo, siku saba. Kunde zikikataa kuiva na msumari ukiota kutu ya kubanduka, usishushe chuma. Shusha plastiki. Kwedimwezi walishusha chuma. Haya nilifundishwa na marehemu mke wangu Chausiku, ambaye hakuwa na cheti.*

Hiyo ndiyo habari iliyomtoa Habakuki kwenye kiyoyozi chake.

"Mzee wangu," alisema sasa, sauti ameilainisha, "mabomba ya chuma yameshanunuliwa. Yamejaa bohari. Mimi nifanye nini, niyale?"

"Maji ya Kwedimwezi yatakusaidia kuyala," alisema Lenku kutoka kwenye benchi.

Hajira akaficha mdomo kwa mtandio.

"Na huyu ni nani?"

"Mteja," alisema Sadala.

"Ng'ombe wangu walipofika pale pampu ikiwa nzima," Lenku aliendelea bila kuulizwa, "waliyakimbilia yale maji kama waliokwenda kulamba chumvi. Hakuna hata mmoja aliyesoma. Wewe umesoma, ukaonja?"

Habakuki alimpa mgongo. Alimgeukia Sadala. "Fikiri, mzee. Umri huu bado unasukuma baiskeli na spana mgongoni. Hiyo barua nikiirudisha, haitoki tena."

Sadala akaitazama. Jina lake limechapwa, herufi zote zimesimama wima, na chini yake mhuri. Mhuri ule aliutaka tangu siku ile alipofukuzwa na kipande cha bomba mkononi. Vidole vilimwasha. Akaiona pikipiki, akajiona anaingia nayo stendi, mafundi wamenyamaza kimya. Lakini akamwona na Chausiku ameinamia sufuria, mwiko mkononi, anamwita aje aone. Siku ile hakwenda. Maneno yale ya jikoni ndiyo yaliyobaki ya mkewe duniani, na huyu mtu amekuja na gari kutaka yafutwe.

"Hajira, fungua ile habari."

Habakuki alishusha pumzi, akatabasamu, akaegemea.

"Nimeifungua, mjomba," alisema Hajira, na sauti yake haikuwa na furaha. "Nifute?"

"Chapa chini yake. Leo meneja wa mradi ameniletea kazi, mshahara na pikipiki ili niifute habari hii. Sijaifuta. Watu wa Kwedimwezi, Jumatatu pikeni kunde kwanza, ndipo mpokee bomba. Weka na namba ya simu."

"Utakufa maskini!" Habakuki aliruka kusimama, mguu wa kiti ukavunjika, akaenda chini na bahasha yake.

"Niliwaambia kitu ni kibovu," alisema Sadala. "Kawaida yenu hamsikii."

Jumatatu yeye na Lenku walipanda lori la mahindi wakafika Kwedimwezi mapema. Habari ilikwisha kutangulia, imepita Dar na kurudi. Wanawake walikuwa wamekizunguka kisima, wameteka maji kwa kopo na kamba, kila mmoja na mafiga yake matatu, sufuria imeinjikwa, moto unawaka. Lori la mabomba lilisimama kando, halina pa kupita.

Habakuki hakuwa mjinga. Na yeye alikuja na mpishi wa mradi, na sufuria, akateka maji ya kisima kile kile mbele ya watu wote. Wafadhili walipowasili jua likiwa utosini, kunde za mradi zilikuwa laini, zinapasuka zenyewe. Akajaza bakuli akampelekea Bibi Filomena, shangazi wa marehemu Chausiku, mbele ya wageni.

"Bibi, onja uwaambie wageni wetu. Zimeiva au hazijaiva?"

Bibi Filomena akaweka kijiko mdomoni. Akatafuna taratibu. Akarudisha bakuli.

"Zimeiva, mjukuu wangu. Ila kanisani nilifundishwa kusema ukweli. Haya ni magadi. Tena umetia konzi nzima, unafikiri unasafisha ngozi ya mbuzi? Hata mkwe akija hapikiwi hivi. Sisi tuliokulia jikoni ndio wa kufichwa magadi?"

Kicheko kilianza kwa wanawake wa mbele kikaenda mpaka kwenye lori. Mpishi akatazama chini. Bibi Filomena akachota kwenye sufuria yake mwenyewe, akampa mgeni mmoja mrefu mwenye kofia. Mgeni akauma, akasikika mlio, akashika shavu.

"Hamwezi kusimamisha mradi kwa sufuria!" Habakuki alifoka.

"Nani kasimamisha?" alijibu mama mmoja huku akichochea kuni. "Sisi tunapika. Zikiiva tutawapisha."

Hazikuiva. Lori liliondoka jioni na chuma chake.

Msifikiri Habakuki aliadhibiwa. Watu wa namna ile hawaanguki, wanahamishwa, naye alihamishiwa mkoa mwingine na gari lile lile. Mabomba ya plastiki yalikuja baada ya miezi miwili, na karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji ilisema ni matokeo ya utafiti wa wataalamu. Jina la Chausiku halikuwamo, wala la Sadala. Barua yenye mhuri haikurudi tena. Ila simu ya Sadala ilianza kuita mpaka Hajira akamwambia ainunulie betri nyingine. Wanapiga kutoka Kilindi, wanapiga kutoka Dodoma, wanauliza fundi wa kunde.

Wa kwanza kuendewa na fundi alikuwa Lenku, maana aliahidiwa kabla ya wote. Sadala alifika bomani na baiskeli, spana mgongoni, kunde zake mfukoni. Nairesiae, mke wa Lenku, alizitazama zile punje kiganjani mwake.

"Hizi ndizo dawa ya kisima?"

"Ndizo kipimo. Nipe sufuria na maji ya kisima chenu, mama. Na magadi kama unayo, yaweke mbali."

Wakakaa. Maji yakachemka, yakapungua, yakaongezwa. Ng'ombe walipita wakienda mtoni, wakarudi. Ndipo Sadala akatoa punje moja, akaipuliza, akaiweka kati ya meno.

"Vipi, fundi?" aliuliza Lenku.

Akaitema kiganjani, nzima, akamwonyesha.

"Plastiki," alisema, akainuka kuchukua spana.