Kipindi Alichokosa Priska

Jumamosi asubuhi Priska alimkuta ng'ombe wa mama yake amelala zizini, shingo kaipinda ubavuni, masikio baridi. Alikuwa amezaa jana yake. Mama yake, Monica, alikuwa amepiga magoti akimsukuma begani, lakini ng'ombe hakutikisika.

"Shikamoo mama. Ameanza lini?"

"Marahaba. Tangu alfajiri. Afadhali umekuja, mwanangu. Wewe ndiye unayesomea haya."

Priska alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha mifugo mjini Moshi, na alipanda nyumbani Uru kumwona ndama. Ugonjwa aliutambua mara moja: homa ya maziwa. Ulikuja kwenye mtihani, naye akapata alama nzuri kuliko wengi waliokuwa wakihudhuria vipindi. Hilo lilimpa kiburi. Masomo ya vitendo hakuyakosa, lakini kipindi cha nadharia cha Jumatano mchana alikiacha tangu muhula uanze. Mwalimu Eliezeri alikuwa akisoma slaidi neno kwa neno, halafu slaidi zilezile zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp.

"Kusoma najua mwenyewe," alikuwa akimwambia Godwin, rafiki yake ambaye hakuwahi kukosa.

Alimpigia Sirili, bwana mifugo wa kata. Sirili alikuwa mbali, Sanya Juu.

"Sitawahi," alisema. "Huyo anataka kalsiamu. Tuma bodaboda dukani akuletee chupa, mpira wa kupitishia dawa na sindano. Kuchoma mshipa si unajua?"

"Najua."

"Basi usichelewe. Akilala kabisa ubavu, umempoteza."

Dawa ilipofika, jirani yao mzee Filemon naye alikuwa amefika, kisu kiunoni. Ndiye aliyekuwa akiwachinjia majirani wote.

"Monica, tumchinje angali anapumua," alisema. "Akifa hivihivi, hata nyama hatutakula."

"Mwanangu anamtibu, Meku," alisema Monica, akimwita mzee kwa Kichaga.

"Haya. Lakini macho ya huyu ng'ombe siyapendi."

Priska aliipasha chupa joto kwenye beseni la maji, akafunga kamba shingoni mwa ng'ombe hadi mshipa ukatuna. Sindano ikaingia mara ya kwanza. Akaunganisha mpira, akainua chupa juu ya kichwa chake. Dawa ikashuka mbiombio, naye akafurahi kuona inavyokimbia.

Ghafla ng'ombe akatetemeka. Akakoroma, ulimi nje. Mama akaweka kiganja kifuani mwa ng'ombe, nyuma ya mguu wa mbele.

"Priska, moyo unaruka! Unapiga, unakaa."

Filemon akachomoa kisu.

Priska aliitafuta ile slaidi kichwani. *Toa kalsiamu kwenye mshipa.* Basi. Hapakuwa na neno jingine.

"Mama, chukua simu mfukoni mwangu. Mpigie Godwin, weka spika!"

Simu iliita muda mrefu.

"Godwin, nampa ng'ombe kalsiamu, moyo unaparaganyika!"

"Chupa umeishika wapi?"

"Juu!"

"Shusha! Bana mpira! Ikiingia haraka inasimamisha moyo. Mwalimu alisema kwa mdomo tu, haimo kwenye slaidi!"

Priska akaubana mpira kwa vidole vyote. Filemon alisogea, akasimama karibu na kichwa cha ng'ombe. Monica alifumba macho, kiganja palepale.

"Bado," alisema. Kisha, "Bado." Kisha akavuta pumzi. "Sasa unapiga vizuri."

Waliendelea, chupa ikiwa chini, dawa ikidondoka kidogo kidogo, Godwin akiwa bado hewani. Chupa ilipokaribia kwisha ng'ombe akabeua, akajisaidia, akakusanya miguu, akasimama akiyumba. Filemon akarudisha kisu kiunoni.

"Asante, daktari," alimwambia Priska, bila utani.

Priska aliichukua simu, akamshukuru Godwin.

Jumatano alikwenda darasani. Viti vingi vilikuwa vitupu. Mwalimu Eliezeri alikuwa akisoma slaidi Priska aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, kwenye slaidi za homa ya maziwa, kwa nini hakuna mahali palipoandikwa dawa iingie polepole?"

Mwalimu akatabasamu. "Nikiandika kila kitu, nani atakuja?"

Wachache wakacheka. Priska alisimama.

"Nilikosea kutokuja, mwalimu. Nimeshaona. Lakini Jumamosi nilikuwa na slaidi yako, na nusura nimuue ng'ombe wa mama yangu. Wenzangu wengi leo hawapo hapa. Nao watatibu ng'ombe wa watu."

Godwin aliinamisha kichwa. Mwalimu Eliezeri alimtazama Priska, uso umekaza, na Priska akadhani atafukuzwa.

Mwalimu akazima projekta.

"Njoo hapa mbele," alisema. "Waeleze. Anzia ulipomkuta amelala."