Ua Ndani ya Kikombe

Jamani, mume wangu huyu! Kwake kila kikombe kinachofuka moshi ni chake.

Kazi yangu ni kutambua mimea, na Jumamosi ile nilikuja nyumbani na ua moja kavu kutoka jangwani. Ua likikauka hujikunja, hulijui mbele wala nyuma. Basi sisi hulitia kwenye maji ya moto, likalainika, ndipo tukalitazama kwa lenzi. Nikaliloweka jikoni, nikatoka kuanua nguo.

Kurudi, bwana kakaa kwenye cherehani yake, anafuta midomo.

"Mama watoto, chai yako leo chungu! Nimetia sukari, lakini wapi!"

Nikakikimbilia kikombe: kitupu! Maua ya namna ile yako mawili, yanafanana kama mapacha. Moja ni la jangwa letu tangu enzi na enzi, mbuzi hulila wakanenepa. La pili limeletwa na watu, sasa linaota humo humo jangwani, na sumu yake husimamisha moyo. Nikapiga simu hospitali. Daktari akasema nimlete upesi, ila kwanza nimwambie ni lipi, maana dawa ya sumu ile haitolewi kwa kubahatisha.

"Ua lenyewe liko wapi?" nikamuuliza mume wangu.

"Kumbe lile ni ua? Nimelitema kwenye sinki."

Nikaingiza vidole kwenye tundu la sinki, namsema huku machozi yananitoka. Nikalipata, limelowa, limejifumba. Kulifungua sasa! Kwa pupa yangu nikachana petali moja.

"Lete hapa," akasema. Mwenye roho yake hatarini ndiye aliyechukua sindano, akalifungua taratibu kama anafumua pindo la hariri. "Natafuta nini?"

"Vinyweleo, kule ndani kabisa. La kwetu linavyo. Lile jingine halina hata kimoja."

Akainamia lenzi. Mimi sikuweza kutazama.

"Vipo," akasema. "Vingi, vyeupe."

Nikamnyang'anya lenzi, nikaona mwenyewe. Ee Mungu wangu, asante! Asante kwa jangwa, asante kwa mbuzi, asante kwa kila kinyweleo! Nikamwambia daktari, nikasikia naye akishusha pumzi. Kisha nikamkumbatia mume wangu kwa nguvu zangu zote.

"Mama watoto, sumu nimeiponea, sasa wataka kuninyonga?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Nyamaza nikushike."