Vifurushi vya Bi Stika

Saa mbili kasorobo asubuhi, kabla mlango wa wateja haujafunguliwa, wanawake sita wa kaunta katika kampuni ya vifurushi walipanga foleni mbele ya mizani ya mizigo. Walivua viatu, wakapanda mmoja mmoja. Mizani ile haikubagua mtu na boksi. Ilipima mpaka gramu, ikalia mlio mfupi, ikatema stika nyeupe yenye uzito, tarehe na saa. Kila mmoja alichukua stika yake akaibandika kwenye karatasi yenye jina lake ukutani. Meneja alisimama pembeni na kalamu nyekundu, tumbo limemtangulia. Yeye hakupimwa, kwa kuwa meneja havai sare.

Maana chanzo cha yote kilikuwa sare. Mwanzo wa mwaka kampuni iliagiza magauni sita ya buluu yenye kola nyeupe, na fundi cherehani alipoomba vipimo, Meneja alimpa vya mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliyetarajiwa kuanza kazi pale kaunta. Vya wengine hakuchukua. Aliona ni kupoteza muda. Mpwa mwenyewe alikuwa ametoka kuugua, amebaki ngozi na mifupa, na siku ya kuanza kazi hakufika kwa sababu hakuwa na nguvu za kusimama kutwa. Magauni yakafika, yote sita ya mtu mmoja ambaye hayupo. Mwenye akili zake angeyarudisha kwa fundi. Meneja alibandika tangazo.

Tangazo lilisema kila mtumishi wa kaunta ale kalori elfu moja na mia nne kwa siku, zisizidi wala zisipungue, mpaka sare imkae. Neno la zisipungue liliongezwa baadaye kwa kalamu, baada ya mmoja wao kujinyima kabisa akazimia juu ya mzigo wa vyombo vya kioo vya mteja. Muda ulikuwa miezi mitatu. Atakayeshindwa angehamia ghala la chini, ambako mizigo inachambuliwa mpaka saa mbili usiku. Bi Stika, mmoja wa wale sita, alisoma tangazo hilo mara mbili, akamchukia Meneja pale pale, na chuki hiyo haikumtoka tena.

Bi Stika aliitwa hivyo kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akibandika stika zilizonyooka bila rula. Alikuwa na kilo sabini na nane, kicheko kizito cha kutoka tumboni, na binti wa miaka sita. Basi la shule lilimshusha mtoto mlangoni pa kampuni saa kumi jioni. Alikaa kwenye benchi la wateja akichora nyuma ya stika zilizoharibika, saa kumi na moja kaunta ikafungwa, wakaenda nyumbani wawili. Baba yake alikuwa amejiendea siku nyingi na hakuacha anwani. Ghala maana yake ilikuwa mtoto huyo angekaa peke yake mpaka usiku, kila siku, nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo. Kwa hiyo Bi Stika alijikaza, akala kwa kipimo.

Alijua kazi ya kupima, na hata hii aliifanya sawasawa. Yai la kuchemsha, sabini na nane. Kipande cha mkate, themanini. Kijiko cha mafuta, mia na ishirini, mafuta yana roho mbaya. Alibeba maharage kwenye kopo, akayapima kwenye mizani ndogo ya barua, akaandika. Saa tisa Meneja alipita kusaini karatasi za kila mmoja. Siku moja Bi Stika alipungukiwa na kalori kumi na moja, na Meneja akakataa kusaini. Alikwenda mwenyewe kwenye kabati la chai, akavunja biskuti, akapima kipande, akamletea kaunta mbele ya wateja wanne.

"Tafuna," alisema. "Nataka kuona umemeza."

Alitafuna, akameza. Mteja wa kwanza kwenye foleni alisogeza boksi lake mbele akauliza litafika lini.

Jumatatu ya kwanza mizani ilimwonyesha amepungua kilo moja na gramu mia mbili. Asubuhi hiyo hiyo gari la mizigo lilifika, na msambazaji mmoja waliyemwita Breki, kwa kuwa pikipiki yake haikuwa nazo, akamwekea kifurushi kaunta.

"Dada, huu wako."

"Nani katuma?"

"Hajaandikwa. Una vuguvugu kidogo, usiuweke juani."

Kompyuta ya kampuni haikubali mzigo usio na mtumaji, lakini huo iliukubali. Uzito ulikuwa kilo moja na gramu mia mbili. Bi Stika alikata kamba, akafunua karatasi ya kaki, akaona sehemu ya juu ya mkono wake wa kushoto, ile nyama laini, na alama yake ya chanjo katikati. Alipandisha mkono wa blauzi. Mkono uliobaki kwake ulikuwa mwembamba, hauna alama. Alifunga tena kifurushi, akakibandikia stika, ikakaa sawa, akakiweka kwenye rafu ya mizigo ambayo haijachukuliwa.

Jumatatu ya pili kililetwa kingine, gramu mia tisa na hamsini, na hicho alisaini akaenda nacho nyumbani ndani ya mkoba. Alikuwa amejimisi, basi. Mtoto alikitoa kwenye mkoba, akakilalia usiku kucha kama mto, na asubuhi karatasi ilikuwa tupu. Mizani ilimwonyesha Bi Stika ameongezeka gramu mia tisa na hamsini kamili.

Meneja aliizungushia stika hiyo duara jekundu.

"Umekula nini jana?"

"Elfu moja na mia nne. Umesaini mwenyewe."

"Basi umebeba kitu. Ukibeba tena, Jumanne uko ghalani."

Hakubeba tena. Vifurushi viliendelea kuja kila Jumatatu, na kila Jumatatu alivipanga kwenye rafu, kimoja baada ya kingine. Wenzake nao walikuwa na vyao. Mmoja alipata makalio yake kwa awamu tatu na akasema angalau yamefungwa vizuri. Hakuna aliyechukua, maana kila mmoja alikuwa na lake nyumbani la kumfanya asithubutu. Rafu ilijaa. Mchana ilitoa harufu ya watu waliooga.

Kifurushi chake cha tano kilicheka. Breki alikidondosha kidogo wakati wa kukiweka, na ndani yake kikatoka kicheko kizito cha tumboni, kikamalizika kwa mluzi mdogo. Bi Stika alikitambua. Ndipo akakumbuka kwamba hakuwa amecheka tangu Jumatano iliyopita, alipojaribu ikatoka pumzi tu. Tangu hapo kila lori lilipopita barabarani na rafu ikatikisika, kifurushi kilicheka. Baadhi ya wateja walicheka nacho. Meneja aliagiza kigeuzwe kitazame ukuta.

Nyumbani mtoto alizoea kulala na kichwa juu ya mkono wa mama yake wa kushoto. Wiki ya sita alihama, akalala upande wa pili wa kitanda.

"Mkono wako una mfupa," alisema.

"Mikono yote ina mfupa, mwanangu."

"Wa kwako ulikuwa ndani."

Mama mtu alilala akitazama dari, akihesabu kalori za kesho, akimtukana Meneja kimoyomoyo matusi ambayo hakujua kama anayajua.

Kanuni ya kampuni ilikuwa kwamba mzigo ukikaa siku thelathini bila kuchukuliwa unakuwa mali ya kampuni. Mwenye mhuri wa MUDA UMEKWISHA alikuwa Bi Stika, kwa kuwa mhuri wake pia ulinyooka. Siku ya thelathini na moja alichukua kifurushi cha mkono wake, akakigonga mhuri, akakipeleka ofisini kwa Meneja. Meneja alisaini bila kuinua macho.

"Mnavipeleka wapi?" Bi Stika aliuliza.

"Kampuni inajua la kufanya navyo."

Jioni ile alimwona Meneja akikiweka kiti cha nyuma cha gari lake na kukifunga mkanda. Wiki iliyofuata akafanya vivyo hivyo, na iliyofuata tena. Zamu ya kile cha kicheko ilipofika, Bi Stika alishika mhuri muda mrefu. Angeweza kukisaini, akakifungua chini ya kaunta, akacheka mara moja tu. Alitazama benchi. Mtoto alikuwa amekaa, anachora farasi mwenye miguu sita, na saa ya ukutani ilionyesha kumi na nusu. Nusu saa ijayo wangeondoka pamoja. Aligonga mhuri.

Miezi mitatu ilipotimia alikuwa na kilo sitini na tatu na nusu. Sare ilimwingia, zipu ikapanda mpaka juu bila kusukumwa. Wenzake wawili walishindwa, wakahamishiwa ghalani siku hiyo hiyo, na waliobaki wakapangwa mbele ya kaunta wakapigwa picha ya ukutani. Mpiga picha aliwaambia watabasamu. Bi Stika alijaribu, lakini kishimo chake cha shavu la kulia kilikuwa kimekwenda na kifurushi cha nane.

Jumatatu iliyofuata mpwa wa Meneja aliripoti kazini.

Alikuwa amepona. Alikuwa na kilo sabini na nane, mashavu yamejaa, kishimo kimoja upande wa kulia. Gauni lake lilikuwa jipya, la kijani, lenye mikono mifupi, na kwenye mkono wa kushoto alama ya chanjo ilionekana vizuri. Aliwasalimia wote kwa heshima. Kisha mteja akamtania kuhusu boksi lililokuwa na tundu, naye akacheka, kicheko kizito cha tumboni kilichomalizika kwa mluzi mdogo. Foleni nzima ikatabasamu. Bi Stika alibandika stika, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja ikakaa upande.

Saa nne Meneja alileta magauni mengine ya kijani. Kampuni imebadilisha rangi, alisema, na ili kuokoa muda fundi amepewa vipimo vya mpwa. Bi Stika alivaa la kwake. Mabega yalimshuka mpaka viwikoni, na kiuno kingetosha watu wawili wasiogombana. Tangazo jipya lilikuwa limeshabandikwa juu ya lile la zamani, kwa gundi hiyo hiyo. Kalori elfu tatu kwa siku, zisizidi wala zisipungue, mpaka sare imkae. Kwa sasa ambaye haimkai asihudumie wateja. Afanye kazi ghalani na apande juu saa kumi kula mbele ya Meneja.

"Nirudishie vifurushi vyangu," alisema Bi Stika. "Nitavaa sare yako leo leo."

"Vifurushi vipi?"

"Kumi na viwili. Vilikuwa kwenye rafu."

Meneja alifungua jalada, akamgeuzia. Karatasi kumi na mbili, moja kwa kila mzigo. Nane za mwanzo zilikuwa na mhuri wa MUDA UMEKWISHA, umenyooka vizuri. Nne zilizobaki, ambazo siku zake hazijafika, zilikuwa na mhuri huo huo, umekaa upande.

"Hizi nne sikugonga mimi."

"Mhuri ni wako," alisema Meneja. "Lakini hulali nao, usiku unabaki hapa."

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Alitaka kumpiga na jalada lile usoni. Alichofanya ni kushuka ngazi kwenda ghalani, kwa kuwa mzigo ulikuwa umeshaanza kuporomoka kutoka kwenye mkanda wa kusafirishia mizigo, na wenzake wawili waliokuwa huko tangu wiki iliyopita wakamsogelea wakampa glavu.

Saa kumi alipanda juu kula. Meneja alimwekea kiti mwisho wa kaunta, pamoja na mkate, mayai manane, chupa ya mafuta na kijiko. Alikuwa kwenye yai la tatu basi la shule lilipopiga honi nje, na mtoto akaingia na begi lake mgongoni.

Mtoto alitazama mwisho wa kaunta, akamwona mwanamke mwembamba ndani ya gauni kubwa, anatafuna. Kisha mpwa akacheka jambo fulani na mteja. Mtoto aligeuka. Alizunguka kaunta, akapanda kwenye stuli iliyokuwa tupu, akauvuta mkono wa kushoto wa mpwa, akauangalia pale penye alama, akaulalia.

Mpwa hakuwa mtu mbaya. Alisogea kidogo ili mtoto akae vizuri, akaendelea kubandika stika kwa mkono wa kulia.

"Dada, huyu ni wako?" aliuliza.

Bi Stika alikuwa na yai mdomoni, na Meneja alikuwa amesimama mbele yake anaangalia koo. Alimeza kwanza.

"Mwanangu, mimi niko huku."

"Najua," alisema mtoto, macho yameshaanza kufumba. "Maliza kula, mama."

Meneja aliandika kalori mia mbili thelathini na nne, akasogeza chupa ya mafuta karibu na sahani, akangoja.