Mgeni Bora wa Mazingira

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Naftali alikuwa akipima takataka. Kila mfuko uliotoka vyumbani ulipita kwenye mizani yake nyuma ya hoteli, hapo Al Garhoud, Dubai, huku ndege zikipita juu ya kichwa chake karibu kiasi cha kuhesabu matairi. Kilo thelathini na nane. Mwisho ulikuwa arobaini kwa siku. Zikizidi, hoteli ingenyang'anywa cheti cha Utalii Endelevu, na mkaguzi alikuwa anakuja leo hii saa nane. Bila cheti, hoteli haikuwa na haja ya Afisa Kijani, na Afisa Kijani ndiye yeye. Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa. Mpya ulikuwa kwa meneja, ukingoja sahihi. Usiposainiwa, viza inafutwa, na Naftali anarudi kwao Butere, Kenya, kuwaeleza watu kitu gani kilimrudisha.

"Naftali! Yalla, njoo!"

Sir Cyrus, meneja, mtu wa Mumbai mwenye tumbo la heshima, hakuwa mtu wa kukimbia. Leo alikuja mbio, simu mkononi.

"Arbab ameandika, mwenye hoteli mwenyewe. Kitu chochote cha Qatar kisionekane hotelini. Kabla ya alasiri."

Ilikuwa Juni 2017, wiki mbili tangu majirani wa Ghuba wagombane na Qatar na kuifungia mipaka. Chaneli za Qatar zilishatolewa kwenye televisheni za vyumbani, na Naftali alidhani shughuli imekwisha.

"Chupa," alisema Sir Cyrus, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Chupa za kioo mia moja na themanini, moja kila chumba, za kujazwa maji tena na tena ili plastiki isiingie. Zilikuwa fahari ya Naftali. Na kila moja ilichorwa ramani ya pwani ya Ghuba na miji yake: Kuwait, Manama, Dubai na, katikati kabisa, Doha.

"Zitupe."

"Kila chupa ni nusu kilo, sir. Tutafika kilo mia na ishirini na nane."

"Basi kwangua."

Walikwangua kwa wembe. Doha haikutoka. Ilitoka Dubai. Sir Cyrus aliangalia kushoto na kulia, akaitia ile chupa ndani ya koti lake.

"Zifiche stoo. Weka maji ya plastiki."

"Mkaguzi atahesabu plastiki, sir."

Sir Cyrus alijifuta jasho. "Wewe ndiye Afisa Kijani. Tafuta njia. Khalas."

Wapiganapo tembo huumia nyasi. Hapa ziliumia chupa, na nyuma ya chupa alikuwepo Naftali, baba wa watu.

Alimwendea Wanjiku, fundi wa kushona, kwenye chumba cha mashuka. Wanjiku alikuwa akiziba foronya zilizochanika, na redio yake ilikuwa pembeni ya cherehani, imevalishwa kitambaa cheupe cha kroshia mpaka shingoni.

"Shiku, hiyo redio inasikia baridi?"

"Wee! Nyumba bila vitambaa si nyumba, ni stoo. Kwani mamako hafuniki?"

Alikuwa anafunika. Kwao Butere makochi yalivaa, televisheni ilivaa, chupa ya chai ilivaa kuliko watoto. Naftali aliitazama redio, akacheka peke yake.

"Tuzivalishe."

"Nini?"

"Chupa. Zote."

Wanjiku aliuliza kama jua limempiga kichwani, kisha akavuta gunia la foronya kuukuu. Naftali alikata, yeye akashona, cherehani ikalia bila kupumua. Saa saba na nusu chupa mia moja na sabini na tisa zilikuwa zimevaa.

Mkaguzi alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, na daftari lake halikufungwa hata kwenye lifti. Alitaka kuona chumba chenye rekodi bora. Naftali akawapeleka, yeye na Sir Cyrus, chumba 412.

"Na hii ni nini?" aliuliza mkaguzi, akiishika chupa.

"Urithi, madam," Sir Cyrus alirukia. "Ufundi wa kina mama wa jangwani."

Mkaguzi akaanza kuivuta nguo chini. Shingo ya chupa ilionekana, kisha Kuwait.

"Madam!" Naftali alisema. "Kwetu chupa haivuliwi mbele ya wageni."

Mama wa watu aliona haya. Aliifunika mwenyewe, akaomba radhi, akaandika daftarini kwamba hoteli inaheshimu tamaduni. Alama: majani matano kati ya matano.

Kisha akafungua rekodi za chumba. Taulo moja siku tisa. Kiyoyozi nyuzi ishirini na nne. "Miaka kumi na mbili ya kazi, sijaona mgeni kama huyu," alisema, akatoa kwenye mkoba cheti chenye mhuri wa dhahabu: Mgeni Bora wa Mazingira. "Andika jina lake, tukitundike pale mapokezi."

Jina lilikuwa Sulaiti. Mzee wa Doha, aliyekuja kutibiwa macho. Raia wa Qatar walipewa siku kumi na nne waondoke, na ya mwisho ilikuwa leo.

"Andika wa 413," alinong'ona Sir Cyrus.

Wa 413 alikuwa akipigia viatu rangi kwa taulo la kuogea. Taulo kumi na moja kwa siku. Naftali alishika kalamu. Aliuona mkataba wake kwapani mwa Sir Cyrus, akaandika jina la wa 413, kwa mwandiko mzuri, na uso ukamuwaka kwa aibu. Sir Cyrus alisaini mkataba palepale, akiuegemeza ukutani.

Chini, mzee Sulaiti alikuwa akingoja teksi, midomo imemkauka kwa saumu. Naftali alimbebea sanduku.

"Usilifue lile taulo, mwanangu," mzee alisema. "Jana sikulitumia. Ni safi bado."

"Sawa, sir."

Mzee alimshika mkono, akamwombea dua, akaingia kwenye gari. Naftali alikuwa bado amesimama pale simu ya upepo ilipokoroma kiunoni.

"Naftali," ilisema sauti ya mapokezi, "Mgeni Bora anataka taulo."

"Ngapi?"

"Anasema kwa kuanzia, sita."